Shingo ya Bomba

Inspekta Blandina Mwasomola alikuwa na kinyaa tangu utoto. Nyumbani kwao Tukuyu walimcheka sana: mtoto gani huyu ananusa kikombe kabla ya kunywa? Akakua, akaingia polisi, na polisi hawakumponya. Angeweza kukaa chumba kimoja na maiti akaandika maelezo yake bila kupepesa macho, lakini unywele mmoja kwenye wali ungemfukuza mezani. Ndiyo maana asubuhi ile, Koplo Jailos alipomsomea majibu ya hospitali, aliisukuma chai yake hadi ukingoni mwa meza na hakuigusa tena.

"Rudia," alisema.

"Kinyesi, afande. Daktari anasema walichokula au kunywa watu wale kilikuwa na kinyesi cha binadamu. Siyo sumu ya panya, siyo dawa ya shambani. Ni mavi tu."

"Nimekuelewa, Jailos. Mara moja inatosha."

"Umesema nirudie, afande."

Blandina alifumba macho kidogo, akayafumbua. Kwa hiyo habari yenyewe ilikuwa mbaya kuliko alivyodhani. Mzee Jofrey Kikoti wa Mlandege alikufa kwa uzee wake, hakuna aliyemdhuru. Mtaa ukakusanyika, ukamzika, ukala. Kesho yake nusu ya waliokuwa msibani walikuwa wamelala hospitali na dripu mkononi, na kabla ya juma kwisha, Faustina, binti wa marehemu, aliyetoka Chunya kuja kumzika baba yake, akazikwa kando ya baba huyohuyo.

Mtaa haukungoja daktari. Uliamua wenyewe kwamba aliyefanya ni Mama Rozalia, mpishi wa msiba, kwa sababu yeye na Faustina walikuwa hawapatani juu ya mpaka wa shamba. Wakavunja madirisha yake kwa mawe. Polisi walimchukua kwanza ili asiuawe, na sasa, kwa majibu haya ya hospitali, mkuu wa kituo alitaka apelekwe mahakamani kesho asubuhi kwa kosa la kuua. Maji ya mtaa yalikwishapimwa na afisa afya yakaonekana safi. Kama si maji, ni chakula. Kama ni chakula, ni mpishi. Mkuu aliipenda hesabu hiyo kwa sababu ilikuwa fupi.

"Mlete," alisema Blandina.

Mama Rozalia aliingia akiwa amejifunga kanga mbili, mikono yake mikubwa imekunjwa kifuani. Ilikuwa mikono ya mtu aliyekwisha kuinua masufuria mengi ya moto.

"Kamwene, mama," Blandina alimsalimu kwa Kihehe kidogo alichokuwa nacho.

"Kamwene, mwanangu."

"Unajua wanasema umefanya nini?"

"Najua. Wanasema nimewalisha watu uchafu." Alilitamka neno hilo huku midomo imempinda, kama mtu aliyeuma pilipili. "Mimi napika misiba tangu niko msichana. Nikigusa hata kuni naosha mikono. Muulize yeyote. Wananiita Mama Sabuni, wananicheka!"

"Na Faustina mlikuwa na ugomvi."

"Tulikuwa nao, sifichi. Alipofika tu alisimama mbele ya watu akasema hali chakula cha mkono wangu. Na kweli hakula! Alikuwa na mikate yake kwenye begi, katoka nayo Chunya. Sasa nimemlishaje mtu ambaye hakula?"

Blandina aliacha kuandika. Jambo hili halikuwa kwenye jalada. "Hukumpa kitu chochote?"

"Chakula, hapana." Uso wa mama yule ulilegea, na kwa mara ya kwanza akaonekana mzee. "Jioni, tulipotoka makaburini, alikuja kwangu jikoni. Sauti hana kwa kulia. Wanawake wako wengi pale, lakini akaja kwangu mimi. Akasema, Mama Roza, nipe maji. Nikampa kwa kikombe changu mwenyewe. Akanywa, akaniomba tena, nikamwongeza. Basi. Mtu akikuomba maji mmeshapatana, mwanangu. Hata mkinifunga, hilo hamwezi kuniondolea. Alikufa tumepatana."

Blandina alimwangalia. Alikuwa amewahoji waongo wengi, na waongo huwa hawakumbuki kwamba mtu aliomba tena. Akamrudisha mahabusu, akamgeukia Jailos.

"Nani alikula na hakuumwa?"

Jailos alikuwa mwenyeji wa Iringa na msibani alikuwepo. Alikuna kidevu. "Wazee wa ulanzi, afande. Walikaa kwenye kona yao na madumu yao ya pombe, wakala masinia mawili, nyama yote wakamaliza. Hakuna aliyeugua hata mmoja. Maji wao hawagusi, wanasema yanaharibu ulanzi tumboni. Na wale wa meza kuu, padri na wageni wake. Hao nao wazima."

"Na nani hakula, na akaumwa?"

"Ukimwacha Faustina? Mzee Muharami, wa duka la vitenge. Anasema hakutia kitu mdomoni, ila watu hawamwamini. Wanasema anaona aibu kwa kuwa amekula nyama ya kwa Wakristo."

"Twende kwa Mzee Muharami."

Walimkuta amekaa nyuma ya kaunta, shingo imekonda, shuka mabegani ingawa jua lilikuwa linawaka. Binti yake Naima ndiye aliyekuwa akiwapimia wateja.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Samahani sisimami, miguu bado siyo yangu."

"Kaa tu, baba. Nina swali moja. Msibani kwa Mzee Jofrey ulikula nini?"

"Jamani!" Mzee aligonga kaunta kwa vidole. "Mpaka serikali? Jofrey alikuwa jirani yangu tangu babu zetu, nilikwenda kumzika, na ilikuwa Alhamisi, nilikuwa nimefunga sunna. Sikula, sikunywa. Hata tone halikushuka hapa." Akashika koo.

"Ulikaa mpaka saa ngapi?"

"Mpaka alasiri, tulipokwisha kuzika."

Naima alisimamisha mkasi katikati ya kitambaa. "Baba, na adhuhuri ulisali wapi?"

"Palepale uani. Si walinipa jamvi? Watu wema wale. Nikatawadha bombani, nikasali."

"Bombani," Blandina alirudia. "Siyo kwenye pipa?"

"Bombani. Nilikinga mikono chini ya bomba lenyewe, linamwaga kwelikweli siku hiyo. Nikaosha mikono, nikasukutua, nikapandisha maji puani..." Macho yake yalitoka kwa Blandina yakaenda kwa binti yake, yakarudi. Mkono wake ulipanda polepole ukafunika mdomo na pua kwa pamoja. "Unataka kuniambia," alisema kwa ndani ya kiganja, "kwamba mimi nimesimama mbele ya Mola wangu nimetawadhia..."

"Sijasema kitu bado, baba."

"Astaghafirullah!" Akainama nyuma ya kaunta, wakamsikia akitapika kwenye ndoo.

Huko nje, Blandina alisimama kwenye jua akawaza. Mpishi angeweza kuchafua sufuria. Angeweza hata kuchafua pipa. Lakini kuchafua maji ndani ya bomba lililofungwa, mpishi anaanzia wapi? Akamwambia Jailos waende kwenye tanki.

Tanki la mtaa lilikuwa juu, kwenye mawe makubwa, mahali ambapo ukisimama unaona mabati ya Mlandege yote. Wananchi walilijenga wenyewe, na bomba lake lilishuka hadi kwenye nyumba zilizochangia. Ufunguo wa kufuli walikuwa wameuchukua kwa Filemoni Mlowe, mwenyekiti wa kamati ya maji ya mtaa, ambaye aliwapa bila ubishi, akiwaambia watakuta maji safi. Njia nzima Blandina alijiandaa kwa paka aliyeoza, au popo, au kitu ambacho hakutaka kukitaja. Alipanda ngazi akiwa amebana pua, akafungua mfuniko, akachungulia.

Maji yalikuwa safi. Ungeweza kuhesabu nyufa za sakafu kule chini. Alikaa pale juu kwa muda, karibu aumie moyo kwa kukosa paka.

"Juu safi, chini uchafu," alisema aliposhuka. "Basi ni njiani. Tulifuate."

Wakalifuata. Hatua chache chini ya tanki, bomba liliingia kwenye kiwanja chenye nyumba ya wageni mpya, iliyopakwa rangi ya chungwa, na pazia jekundu kila dirisha. Upande wa nyuma palikuwa na zege pana la kufunika shimo la choo. Pembeni ya zege, ingawa mvua haikunyesha, ardhi ilikuwa imelowa na majani yamestawi, mabichi, manene. Harufu iliyotoka pale ilimfanya Blandina atoe leso.

"Karibuni, karibuni!" Mwenye nyumba aliwajia akitabasamu. Alikuwa Filemoni Mlowe mwenyewe, shati jeupe, chupa ya maji ya dukani mkononi. "Mmeliona tanki? Si niliwaambia? Kamati yetu haina mchezo."

"Ufunguo wako huu hapa," Blandina alisema, akamrudishia. "Bomba linapita wapi, mzee?"

"Pembeni kule, ukutani."

"Mbona majani mabichi yako hapa, siyo kule?"

Filemoni alicheka, cheko la mtu aliyezoea kusamehewa. "Haya, linavuja kidogo. Nitaita fundi. Lakini afande, tusidanganyane. Bomba likitoboka maji yanatoka, hayaingii. Kuna mtu kaona bomba lililotoboka linanyonya tope? Hata mtoto wa shule anajua. Na afisa afya alipima maji yakawa safi. Yule mama kawalisha watu mavi, mimi nilisema tangu siku ya kwanza. Mmemkamata, basi tupumzike."

Jailos alitikisa kichwa kukubali, ingawa hakupenda. Blandina akaitazama ile ardhi iliyolowa. Kweli, palipotoboka maji yalikuwa yanatoka. Udongo uliolowa ulishuhudia. Walitoka pale na hoja ya Filemoni ikawafuata mpaka barabarani.

Walikaa kwenye benchi nje ya duka. Jailos alinunua soda mbili. Blandina aliipangusa shingo ya chupa kwa leso, kwanza mara moja, halafu tena.

"Nieleze siku ya msiba," alisema. "Mzee Muharami anasema bomba lilikuwa linamwaga kwelikweli. Kwa nini siku hiyo?"

"Ndiyo desturi ya huu mtaa, afande. Pakiwa na msiba, kila nyumba inafungua bomba lake na kulijaza pipa, yanabebwa kwa wafiwa. Hakuna anayefunga mpaka watu wamerudi makaburini. Ni heshima. Ukilifunga la kwako watu wanakusema."

"Kwa hiyo mabomba yote yalikuwa wazi kwa wakati mmoja."

"Yote."

"Na siku aliyokuja afisa afya?"

"Aa, siku hiyo nani angefungua? Watu walikuwa wanayaogopa maji kama simba. Lilifunguliwa moja tu, tena kidogo, ajaze vichupa vyake."

Blandina alishusha chupa. Alikuwa amekumbuka nyanya. Kaka yake, Shedrack, alikuwa na shamba la nyanya Chimala, na mwaka jana alimwonyesha mtambo wake mpya kama mtu anayeonyesha mtoto. Haukuwa mtambo. Kilikuwa kipande cha bomba kilichobanwa katikati kikawa chembamba, na kwenye shingo hiyo umechomekwa mrija unaoingia kwenye ndoo ya mbolea. Hakuna pampu, hakuna umeme. Kaka yake alifungulia maji kidogo, na mrija ukatiririsha maji nje, kwenye ndoo. Akafungulia yote, na mrija ukaanza kuinywa mbolea, ndoo inapungua unaiona. Akamwambia aweke kidole kwenye mrija, na kidole kikavutwa. Alipiga kelele, wakacheka sana siku ile.

"Jailos, ukiwa na umati mnatoka kanisani na mlango ni mwembamba, pale mlangoni inakuwaje?"

"Tunasukumana, afande."

"Watu wanasukumana. Maji hayana nafasi ya kusukumana, maana yote yanayoingia lazima yatoke. Yakifika penye wembamba yanakimbia. Na yakikimbia, nguvu yake yote inaenda mbele, ya kusukuma pembeni inapungua. Nyumba zote ziko bondeni, mabomba yote wazi, maji yanavutwa kushuka. Ikifika mahali nguvu ya ndani ni ndogo kuliko ya nje, kilicho nje ndicho kinachoingia. Siku za kawaida bomba la Filemoni linavuja nje. Siku ya msiba linanyonya."

"Linanyonya nini?"

Wote wawili waligeuka wakaitazama ile nyumba ya rangi ya chungwa. Jailos aliiweka soda yake chini, ikiwa nusu.

"Mimi nilikunywa vikombe viwili pale msibani," alisema taratibu. "Tumbo likanisumbua, nikasema ni maharage."

"Pole."

"Mungu wangu, afande! Vikombe viwili!"

"Pole, nimesema. Usinielezee. Tunahitaji kulivunja lile zege, na mkuu hatatupa hati ya upekuzi kwa sababu ya nyanya za kaka yangu. Nitafutie bluu ya kufulia. Nyingi."

Kilichofuata Blandina hakupenda kukisimulia baadaye, hata kwa mkuu wake. Alirudi nyumba ya wageni peke yake, akamwomba mhudumu choo. Alikaa ndani ya choo kile muda mrefu kuliko alivyowahi kukaa katika choo cha mtu, akichovya bluu kwenye ndoo na kumimina, kuchovya na kumimina, leso imefungwa puani, macho yanatoka machozi. Alipotoka, mhudumu alimpa pole ya tumbo.

Alasiri ile watu walikuwa wamekusanyika kwa Mzee Jofrey kuanua tanga. Ilikuwa shughuli ya kusikitisha: misiba miwili imekuwa mmoja, na maji ya kupikia yalikuwa yameletwa kwa madumu kutoka mbali. Blandina alimwomba mjane ruhusa ya kusema. Akawaambia watu kwamba anataka kuyaonja maji ya mtaa mbele yao, na kamati ya maji iwepo. Filemoni alikuja upesi, akasimama mbele.

Bomba la uani lilifunguliwa, kidogo. Blandina alikinga glasi. Akaiinua juani. Maji yalikuwa meupe, safi.

"Mnaona?" Filemoni aliwageukia watu. "Nimesema nini mimi?"

"Ni kweli, safi kabisa," Blandina alikubali. "Karibu, mwenyekiti. Onja wewe kwanza."

Alimnyooshea glasi. Filemoni aliitazama. Mkono wake mmoja ulikwenda mfukoni, wa pili ukaikaza ile chupa ya dukani.

"Asante, nina yangu."

"Hata siku ya msiba ulikuwa nayo. Koplo wangu alikuona ukileta katoni nzima, ukaigawa meza kuu."

"Tumbo langu jepesi."

"Maji ni safi, umesema. Mtaalamu kapima. Maji ya kamati yako, mzee. Funda moja tu."

Hakunywa. Wanawake waliokuwa wakimenya vitunguu walisimamisha visu. Mjane, aliyekuwa amekaa kwenye mkeka, aliinua uso akamtazama Filemoni kwa mara ya kwanza.

"Basi," alisema Blandina. "Jirani zangu, nendeni mkafungue mabomba yenu. Yote, mpaka mwisho, kama siku ile."

Wakaenda. Yakasikika yakifunguliwa nyumba baada ya nyumba, na bomba la uani likakohoa, likatema, likaanza kumwaga kwa nguvu. Maji yalitoka meupe. Yakaendelea kutoka meupe mpaka Jailos akaanza kuhamisha uzito wa mwili mguu hadi mguu, na Filemoni akaanza tena kutabasamu. Halafu beseni lililokuwa chini ya bomba likafanya wingu hafifu pembeni. Wingu likakolea. Maji yakawa ya bluu, bluu ya shuka za hospitali, na pamoja na rangi ikaja harufu.

Hakuna aliyehitaji kuelezwa harufu ile ni ya nini. Mama mmoja alitupa kisu akakimbilia uzio. Mwingine alimfuata. Kijana wa watu aliyekuwa ameshika mtungi aliuachia ukapasuka. Uani kote watu walikuwa wanatema mate, wanajifuta midomo kwa kanga, kwa mikono, kwa majani, ingawa siku nyingi zilikwisha kupita na hakuna kilichobaki cha kufuta.

"Umetia tankini!" Filemoni alipiga kelele. "Huyu mwanamke katia rangi tankini!"

"Tanki lina kufuli, na ufunguo uko kwenye mfuko wako," Blandina alimjibu. "Bluu hii nimeimwaga mahali pamoja tu, mzee. Chooni kwako."

Ilibidi yeye na Jailos wamzunguke Filemoni kwa miili yao, maana wale waliovunja madirisha ya Rozalia sasa walikuwa wanatafuta mawe mengine. Kumkinga mtu yule kifuani, kuyasikia manukato yake, ndiko kulikomchosha Blandina kuliko choo. Alitamani kumwachia. Hakumwachia.

Hati ya upekuzi ilipatikana upesi safari hii, na zege likavunjwa jua lingali juu. Mle ndani, katikati ya kile ambacho Jailos alikitazama na Blandina akakitazama mara moja tu, bomba la inchi moja na nusu lilikuwa limekatwa na kuungwa kwa kipande cha nusu inchi, chembamba kama mpini wa jembe la mtoto. Maungio yalikuwa yamefungwa kwa raba za tyubu ya baiskeli. Raba zilikuwa zimelegea, na mahali zilipolegea kulikuwa kumeganda bluu.

"Wachimba shimo walilikata," Filemoni alisema. Alikuwa amekaa chini, shati jeupe limechafuka. "Nikaunga na kipande kilichokuwepo. Ningehamisha shimo wapi, nyumba imeshasimama? Nilijua maji hayawezi kuingia. Haki ya Mungu nilijua hivyo."

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Mbona hukuyanywa?"

Blandina alimtazama kwa kinyaa ambacho hakikuwa na uhusiano wowote na shimo. Mtu huyu na yeye walifanana kwa kitu kimoja: wote walikuwa wananusa kikombe. Tofauti ni kwamba huyu alikinusa, akakiweka pembeni, akawaachia jirani zake wanywe, na walipougua akamwonyesha mpishi kidole.

"Mfunge pingu," alimwambia Jailos. "Halafu tukaoge."

Mkuu wa kituo alitia saini ya kumwachia Mama Rozalia bila kuinua kichwa. Blandina mwenyewe ndiye aliyekwenda kumfungulia mlango. Alimkuta amekaa kwenye benchi la saruji, mikono mapajani.

"Yamekwisha, mama. Uko huru. Siyo chakula chako."

"Ahsante Mungu!" Mama Rozalia alisimama, akashika ukuta, akacheka na kulia kwa pamoja. "Nilisema! Si niliwaambia? Naosha mikono mimi! Masufuria yangu unaweza kujitazama uso! Ni nini basi, mwanangu? Ni nini kilichomuua Faustina?"

Blandina alikuwa amejiandaa kwa swali hilo njia nzima, na njia nzima hakupata namna ya kulijibu kwa kuzunguka. Kesho mtaa mzima ungekuwa unalisema. Afadhali alisikie hapa, kwa mtu mmoja.

"Ni maji, mama."

"Maji?"

"Ya bomba. Yaliingiliwa na choo cha Filemoni."

Mama Rozalia aliendelea kutabasamu kidogo, kwa mazoea tu, uso ukiwa bado haujapata habari. Kisha akaitazama mikono yake. Aliugeuza mkono wa kulia, akakitazama kiganja, akaukunja polepole kama unaoshika kishikio cha kikombe.

"Aliniomba tena," alisema. "Nikamwongeza."